Mzinga wa hewa wa bomba la plastiki na baridi ya Lushoto, ni kweli unapasuka ukipoa?

#1 mtoto_wa_makorora
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, yeye na wenzie wameona video za Wamarekani wanaotengeneza mzinga wa kurushia viazi kwa bomba za PVC, unajaza hewa kwa pampu au kompresa ya gereji, ukiachia kiazi kinaruka kinavuka uwanja. Sasa wamepania waunde wa kwao likizo ya mwezi wa sita waende nao Lushoto kwa babu, kule tumbili hawabakishi hindi wala haragwe. Mi sikatai ubunifu wao ila kwenye zile zile video nimeona watu wengi wanaonyana kwamba wakati wa baridi usiuguse, plastiki inakauka na bomba linapasuka vipande mkononi. Tanga mjini baridi hatuijui, lakini Lushoto mwezi wa sita na wa saba alfajiri unatoa moshi mdomoni, inafika digrii 11 au 12 na kule Magamba chini ya hapo. Swali langu ni moja, hiyo baridi yetu ya milimani inatosha kupasua bomba au hayo ni ya wenzetu wenye barafu? Mafundi bomba na walimu wa fizikia nawahitaji hapa.

#2 dunda_kwetu
Bagamoyo tupo tunasoma. Ila tumbili wa Lushoto nawajua, wiki ya kwanza watakimbia, ya pili watakaa juu ya mti wasubiri kiazi kidondoke wakile.

#3 fundi_bomba_ngamiani
Mwambie mdogo wako baridi siyo shida, shida ni joto. Hizi namba zinazoandikwa ubavuni mwa bomba, PN10, PN16, maana yake presha ya bar 10, bar 16 kwa maji yenye digrii 20 hivi. Joto likipanda uwezo unashuka. Majedwali ya watengenezaji wa Marekani yanasema PVC ikifika digrii 38 inabaki na asilimia 62 ya uwezo wake, ikifika 49 asilimia 40, ikifika 60 asilimia 22. Piga hesabu mwenyewe, bomba la bar 10 likiwa na digrii 60 ni bomba la bar 2 na kidogo. Na bomba la kijivu lililolazwa juani hapa Tanga mwezi wa pili saa nane mchana wala hulishiki kwa mkono mtupu. Baridini linakaza, linakuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo huko Lushoto ni salama kuliko hapa Ngamiani.

#4 mwalimu_chuda
Fundi namba zako ziko sawa ila hapo mwisho sikubaliani nawe. Kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Moja ni nguvu ya kuvutwa taratibu, yaani presha inapanda polepole na ukuta wa bomba unavutika, hapo kweli PVC ikipoa inakuwa imara zaidi. La pili ni kuvumilia pigo la ghafla, kugongwa, kudondoka, kutikiswa, na hapo ikipoa inakuwa dhaifu. Ikiwa na joto inanyumbulika kidogo inameza lile pigo, ikipoa hainyumbuliki, ufa ukianza unakimbia kufumba na kufumbua kutoka kichwa hadi mkia wa bomba. Mzinga wa hewa una yote mawili, presha imekaa ndani, halafu kila ukifyatuliwa kuna mtikisiko, halafu ni vijana, watauegemeza kwenye jiwe, utadondoka, utagongwa na mlango wa gari. Na hakuna mstari kwamba digrii 12 salama 11 hatari, uvumilivu unapungua kidogo kidogo na unazidi kupungua ukikaribia sifuri na chini yake. Lushoto siyo Canada, lakini siyo Tanga pia.

#5 msambaa_wa_soni
Mimi niko Soni nawapa ninayoyaona. Bomba za PVC za maji ya mserereko huku zikivunjika mara nyingi ni asubuhi, mtu kagonga na jembe au ng'ombe kakanyaga. Mchana jembe hilo hilo linaacha alama tu. Kwa hiyo mwalimu namuunga mkono. Lakini kuna jingine hamjaligusa, GUNDI. Huku ukungu unashuka saa kumi jioni, ukiunganisha bomba wakati huo gundi haikauki kama ya Tanga. Nimeona tangi la darini limefungwa jioni, asubuhi wamefungua maji, soketi zimechomoka zenyewe nzima nzima hata ufa hamna.

#6 fundi_bomba_ngamiani
@msambaa_wa_soni hilo la gundi nakubali kwa mikono miwili. Ile gundi inayeyusha plastiki mbili zishikane, ile dawa yake lazima ipate muda wa kutoka, na kwenye baridi au unyevu muda unaongezeka sana, cha kuisha jioni unakiacha mpaka kesho na keshokutwa. Ikibaki ndani ya kiungo hapo pamekuwa laini. Vijana hawana subira, watagundisha asubuhi wajaze hewa mchana.

#7 gereji_ya_pongwe
Wadau shikamooni wakubwa. Mimi nimekuja na kesi yangu maana inafanana. Gereji yangu nilifungiwa laini ya kompresa kwa bomba za PVC inchi moja, fundi akasema ni za presha hazina neno. Zikakaa vizuri tu. Mwezi wa saba mwaka jana alfajiri, hata jua halijatoka, dogo kawasha kompresa, presha inapanda, tukasikia mlio hadi jirani wakatoka nje wakidhani ni tairi la lori. Elbo ilitoka na kipande cha bomba kirefu kama mkono, vipande vingine vikaingia kwenye dari la bati. Mungu bariki dogo alikuwa ameshatoka kwenda kufungua geti. Watu wote pale wakasema ni kipupwe, plastiki imepoa. Sasa mimi najiuliza, Tanga mwezi wa saba alfajiri ni digrii 20 na ushee, hiyo ndo baridi ya kupasua bomba? Na kama shida ni joto kama anavyosema fundi, mbona halikupasuka Februari saa nane mchana?

#8 dunda_kwetu
Aisee hii kesi ya gereji nzito kuliko viazi. Naweka mkeka.

#9 fundi_bomba_ngamiani
@gereji_ya_pongwe nijibu kitu kimoja, hiyo elbo ilikuwa na nipo (kile kiungo kifupi chenye tredi) ya shaba au ya chuma iliyofungwa ndani ya plastiki?

#10 gereji_ya_pongwe
Ndio mzee, kutoka kwenye elbo kulikuwa na nipo ya shaba kwenda kwenye hosi ya kupulizia. Imekazwa na tredtepu nyingi tu isivuje.

#11 fundi_bomba_ngamiani
Basi jibu lako hilo hapo. Plastiki ikipoa inasinyaa zaidi ya shaba, kama mara tatu hivi. Plastiki iko nje shaba iko ndani, usiku kukipoa plastiki inataka kubana, shaba haitaki kubanwa, mdomo wa elbo unavutika. Ongeza tredtepu nyingi na fundi aliyekaza kwa spana ya bomba hadi mishipa ikamtoka, hapo pameshaanza ufa mdogo usioonekana kwa macho. Ndo maana sisi plastiki tunaiweka iwe dume ndani ya jike la chuma, kinyume chake ni kujitafutia kesi.

#12 mwalimu_chuda
Fundi ni kweli ila hesabu yake kwa Tanga ni ndogo. Bomba la PVC la mita moja likishuka digrii 10 linapungua kama milimita 0.7. Kwenye mdomo wa elbo wa inchi moja hiyo ni sehemu ndogo sana ya milimita. Nakubali kwamba kukaza kupita kiasi kulipanda ufa, lakini siamini kwamba zile digrii chache za usiku ndo zimeumalizia.

#13 fundi_bomba_ngamiani
Mwalimu sehemu ndogo sana kwenye kitu ambacho tayari kimevutwa mpaka mwisho inatosha. Mimi nimezibadilisha hizo elbo miaka, zinapasuka palepale kwenye tredi, na zinapasuka usiku.

#14 binti_chumbageni
Naomba niingie kidogo, mimi ni muuguzi. Mnaongelea bomba nawasoma vizuri ila naongelea mtu. Nimempokea kijana aliyeumia na chombo cha plastiki kilichopasuka kwa hewa, siyo mzinga lakini jambo ni lile lile. Chuma kikipasuka mara nyingi kinachanika, hii plastiki ngumu inatoka vipande vyenye ncha, na vijana kitu kama hicho wanakishika karibu na uso ili walenge. Jicho likishapata kipande, hapa hatuna la kufanya zaidi ya kufunika bila kukandamiza, kutokichomoa, na kumkimbiza kwa daktari wa macho. Halafu vipande vya plastiki kwenye eksirei ya kawaida vinasumbua kuonekana kuliko chuma, daktari anaweza kuacha kimoja ndani. @mtoto_wa_makorora hilo mwambie mdogo wako kabla hujamwambia la baridi.

#15 picha_na_mifupa
Dada hapo juu, nyongeza ndogo kwenye eksirei. PVC ina klorini ndani yake kwa hiyo inaonekana kidogo kuliko plastiki nyingine, ila kipande chembamba kikilala vibaya kinapotea kweli, mara nyingine tunatafuta kwa ultrasaundi. Kwa mengine yote nakuunga mkono.

#16 mtoto_wa_makorora
Dada nashukuru, nimemsomea na amenyamaza kidogo. Ila anauliza swali ambalo hata mimi sina jibu. Anasema wakinunua bomba la PN16, halafu wakaweka bar 5 au 6 tu, si wana nafasi kubwa hata baridi ikiwepo hata joto likiwepo?

#17 mwalimu_chuda
Swali zuri, amezaliwa mhandisi huyo. Jibu ni kwamba ile 16 ni ya MAJI. Maji hayabanwi, bomba la maji likipasuka presha inaisha papo hapo, unalowa basi. Hewa inabanwa, inabeba nguvu yote uliyoitia, bomba likipasuka inatoka yote kwa mara moja na inasukuma vipande. Chukua chombo cha lita 10 chenye bar 6 kwenye geji. Kikijaa maji nguvu iliyofichwa ni jouli chache tu. Kikijaa hewa ni jouli 7,000 na zaidi, sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiachiwa kutoka ghorofa ya tano. Namba ya ubavuni haikuambii chochote kuhusu hilo, inakuambia bomba litahimili presha kiasi gani, haikuambii litavunjika namna gani. Ndio maana Marekani kwenyewe, mamlaka yao ya usalama kazini, OSHA, mwaka 1988 ilitoa tahadhari kwamba PVC isitumike kwa hewa ya kompresa ikiwa juu ya ardhi bila kufunikwa. Yaani gereji_ya_pongwe kilichomkuta wao walikikataza zamani.

Na tafadhali isije ikawa wananunua lile bomba la inchi 4 la maji machafu kwa sababu ni rahisi na kiazi kinaenea. Lile halina namba yoyote ya presha, limetengenezwa kupitisha maji yanayoteremka yenyewe. Halafu upana unaongeza mzigo, bomba la inchi 4 ukuta wake unavutwa mara mbili ya bomba la inchi 2 lenye unene ule ule na presha ile ile.

#18 mtoto_wa_makorora
Mwalimu umejuaje, walishanunua la inchi 4 🙈

#19 dunda_kwetu
😂😂 Hilo limepata kazi, wafunge choo cha babu.

#20 baharia_wa_zamani
Watoto wangu marahaba. Mimi nimekaa na meli miaka mingi nataka niwaambie baridi siyo ya kudharau hata kwa chuma. Zamani za vita kuu ya pili Wamarekani waliunda meli za Liberty kwa kuchomelea badala ya ribiti, zikifika maji ya baridi zikawa zinapasuka, moja ilikatika vipande viwili bandarini imetulia hata wimbi hakuna, mwaka 1943. Chuma kile kile maeneo ya joto hakina neno. Kwa hiyo kama chuma kinabadilika tabia sembuse plastiki.

#21 mwalimu_chuda
Mzee shikamoo, umetuletea mfano mzuri. Niongeze tu, ile iliyokatika bandarini Januari 1943 pale Portland, Oregon, ilikuwa SS Schenectady, tanka la mafuta la aina ya T2. Liberty nazo zilipasuka kweli, nyingi tu. Na ufa wa Schenectady ulianzia kwenye kiungo kilichochomelewa. Ndio hoja yangu kwa wote, baridi peke yake haikati kitu kizima, inatafuta mahali penye kasoro.

#22 baharia_wa_zamani
Sawa mwalimu, tanka. Lakini kama usiku ule kungekuwa na joto la Tanga ingekatika?

#23 kijana_raskazone
Mnasahau Challenger. 28 Januari 1986, kile chombo cha anga, baridi ya digrii 2 hivi, mpira wa kuzibia kwenye roketi ulishindwa kurudi umbo lake gesi ya moto ikapenya, sekunde 73 watu 7 wakafa. Kwa hiyo hata bomba likiwa zima, zile raba za kwenye valvu zikipoa zinakakamaa.

#24 fundi_bomba_ngamiani
Raba ikikakamaa inavuja tu bana, ukisikia fyuuu unajua. Roketi ina moto ndani mzinga wa kiazi una hewa, msitutishe.

#25 kijana_raskazone
Fundi inavuja sawa, lakini valvu ikikwama nusu, mtoto anafanya nini? Anachungulia mdomoni. Halafu kuna jingine, hewa ikitoka kwa kasi inapoa, umeshaona kompresa ukiachia hewa nyingi pale kwenye mdomo panatoka unyevu hata barafu. Kwa hiyo mzinga unajipoza wenyewe kila ukifyatua, hata ukiwa Tanga mjini plastiki inakuwa kwenye baridi kali. Hiyo ndo sababu yenyewe ya kesi ya gereji.

#26 mwalimu_chuda
Hapana mkuu, hapo unaivuta mbali. Hewa yenyewe kweli inapoa sana inapotanuka, kwa hesabu ya karatasi ukitoka bar 6 inaweza kushuka chini ya sifuri kwa digrii nyingi. Lakini hewa ya lita 10 kwa bar 6 ni kama gramu 80 tu, haina uwezo wa kupoza kilo kadhaa za plastiki kwa kitambo kile kifupi. Bomba linabaki karibu na joto lake. Na kwa kesi ya gereji, hewa ilikuwa INAINGIA, na hewa inayobanwa inapata joto.

#27 kijana_raskazone
Ukifyatua mfululizo je? Vijana hawafyatui mara moja wakaenda kulala.

#28 msambaa_wa_soni
Jamani na safari yenyewe hamjaiongelea. Hawa watatoka Tanga, watapita Mombo, pale Mombo joto lake mnalijua, halafu wanapanda mlima hadi Lushoto kama mita 1,400 juu ya bahari. Wakiujaza kwa kompresa mjini ili wafike nao tayari?? Maana Lushoto kompresa za kuazima siyo kila kona.

#29 mwalimu_chuda
@msambaa_wa_soni umenishtua, hilo ndilo la kuogopa kuliko yote. Kusafiri na kitu kilichojaa hewa ndani ya basi la watu? Hesabu yenyewe iko hivi. Presha kamili, yaani ya geji ukijumlisha na ya hewa ya nje, inakwenda sambamba na joto linalohesabiwa kutoka sifuri halisi, digrii 273 chini ya sifuri ya kawaida. Wakijaza Lushoto asubuhi kwa digrii 10, bar 6 za geji ni bar 7 kamili. Wakiuacha kwenye buti la gari juani ukafika 60, unakuwa bar 8.2 kamili, geji inasoma 7.2. Presha imepanda kwa bar moja na ushee, wakati huo huo kwa namba za fundi za #3 bomba limebaki na asilimia 22 ya uwezo wake. Na kupanda mlima peke yake, hewa ya nje kule juu ni pungufu kwa bar 0.15 hivi kuliko ufukweni, kwa hiyo tofauti ya ndani na nje inaongezeka kiasi hicho, kidogo lakini ipo. Kwa hiyo ukijaza kwenye baridi ukapeleka kwenye joto ni mbaya zaidi, ukijaza kwenye joto ukapeleka baridini presha inashuka ila ndo unakuja ugumu wa kuvunjika. Hakuna upande wa kukimbilia.

#30 fundi_bomba_ngamiani
Sasa hapo mwalimu umesema nilichosema mimi tangu mwanzo, joto.

#31 mwalimu_chuda
Joto NA baridi fundi.

#32 sahare_mechi
Mi naona wote mmeacha mafuta. Kompresa za gereji zinatema mafuta kidogo kidogo kwenye hewa, na kuna mafuta ya kisasa ya sinthetiki yanakula plastiki, yanaingia kwenye sehemu iliyovutika yanaifungua ufa taratibu. Miezi inapita huoni kitu. Halafu usiku mvuke unageuka maji unakaa kwenye elbo ya chini, asubuhi ukiwasha kompresa yale maji yanasukumwa kwa kasi yanaenda kupiga kona. Ndo maana imepasuka alfajiri, ni mwasho wa kwanza wa siku, baridi imesingiziwa. @gereji_ya_pongwe mtungi ulikuwa mnaumwaga maji kila jioni?

#33 gereji_ya_pongwe
Kila jioni hapana. Kila dogo akikumbuka. Na mafuta tunayoweka ni yale yanayopatikana tu.

#34 sahare_mechi
Basi. Unyevu wa Tanga huu, mtungi unajaza maji upesi sana.

#35 bwana_mabati
Na jua je? Bomba la kijivu likipigwa na jua la moja kwa moja miaka, linapauka, ile ngozi ya nje inakuwa kavu. Presha ya kawaida bado linahimili ila ukiligonga linatoa kipande. Gereji, bomba lako lilipita wapi?

#36 gereji_ya_pongwe
Lilipita nje ukutani upande wa mashariki, halafu linaingia chini ya bati. Kwa hiyo asubuhi jua, mchana joto la bati. Ila alfajiri ile lilikuwa limepoa.

#37 bwana_mabati
Unaona. Jua limelikausha, joto la bati limelivuta miezi yote, kupoa kulimalizia tu. Hata ungehamia Lushoto au Horohoro lingepasuka siku yoyote.

#38 fundi_bomba_ngamiani
Na nipo ya shaba msiisahau 😀

#39 binti_chumbageni
Sasa mnavyobishana hivi mtoto wa watu atachagua sababu inayompendeza aseme hizo nyingine hazimhusu. Mimi naona mkishafika sababu sita na hakuna mmoja anayeweza kumhakikishia mwenzie, basi uso wa kijana usiwe karibu na hicho kitu wala Lushoto wala Tanga.

#40 dunda_kwetu
Dada nakupa tano. Na mimi niulize kwa uzito, hakuna plastiki nyingine? Lile bomba jeusi lenye mstari wa bluu la DAWASA na nani, lile halivunjiki hata ulipige shoka.

#41 fundi_bomba_ngamiani
Hilo ni poli, HDPE. Kwa baridi halina mpinzani, linabaki laini hata kwenye barafu kali, na likizidiwa linavimba na kuchanika, halirushi vipande kama PVC. Ila viungo vyake ni vya kuchomea kwa mashine au vya kubana, ukikosea kinachomoka kinaruka kama kilivyo. Na usije ukanitajia PPR zile za maji ya moto ukadhani ni bora kwa sababu ni nene. Hizo ukikaribia sifuri zinakuwa za kuvunjika kuliko unavyodhani, mafundi wa nchi za baridi wanakatazwa hata kuzirusha kutoka kwenye gari.

#42 mwalimu_chuda
Na HDPE nyeusi juani nayo inapata joto haraka, ikifika digrii 40 uwezo wake umepungua kama robo. Ni bora kwa namna inavyofeli, lakini mzinga wa hewa wa nyumbani mikononi mwa wanafunzi wasio na geji ya kuaminika wala sefti valvu ya kuachia hewa presha ikizidi mimi sitoi baraka hata ukiwa wa poli.

#43 mzalendo_wa_mabawa
Mbali na plastiki kuna sheria pia. Kitu kinachorusha risasi au kiazi kwa presha ukipita nacho stendi askari hatakuuliza mambo ya baridi. Tuna sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015. Kabla hawajatoka nacho nje ya geti mkubwa wao aende kituoni akaulize ana kwa ana.

#44 mtoto_wa_makorora
Wakuu asanteni wote. Nimekaa nao jioni hii nikawasomea tangu #1. Wamekubali hewa waiache. Wakasema basi watafanya majaribio ya kisayansi kwa ajili ya shule, kukata vipande vifupi vya bomba, vingine wanaviweka kwenye friza, vingine juani, vingine kivulini, halafu wanaviangushia jiwe lile lile kutoka urefu ule ule waone vinavyovunjika. Hakuna presha hata kidogo. Hiyo ipoje mwalimu?

#45 mwalimu_chuda
Hiyo ni safi sana, na itajibu swali lako kuliko sisi. Wavae miwani ya kukinga macho, vipande vya frizani vinaruka. Kipande kikitoka kwenye friza kigongwe hapo hapo kabla hakijapata joto, na waweke kingine cha kwenye maji ya digrii 10 hadi 12 ili wapate baridi ya Lushoto yenyewe, siyo ya Canada. Waandike walichokiona hata kama hakifurahishi.

#46 fundi_bomba_ngamiani
Waje Ngamiani dukani kwangu, nina mabaki ya PN10, PN16, la maji machafu na poli, nawapa bure. Na waweke kipande kimoja kilichokaa juani miaka, ninacho cha kwenye paa.

#47 mtoto_wa_makorora
Mzee Mungu akubariki. Tunakuja Jumamosi.

#48 msambaa_wa_soni
Sasa tumbili wa babu je? 😅 Sisi huku tunafunga utepe wa kanda za kaseti za zamani unapiga kelele kwenye upepo, pia mbwa, na mtu wa zamu. Utepe unasaidia kwa muda wanazoea, ukihamisha hamisha wanachelewa kuzoea.

#49 dunda_kwetu
Pilipili na mavi ya ng'ombe mnachoma moshi.

#50 msambaa_wa_soni
Hiyo ya tembo bana, huku Lushoto tembo watoke wapi.

#51 gereji_ya_pongwe
Samahani nawarudisha kwangu. Kile kipande kilichoingia kwenye bati nilikihifadhi, leo nimekitoa nikakiangalia kwenye mwanga. Pale kilipovunjika karibu na tredi ya shaba kuna sehemu ndogo kama kucha, rangi yake ya kahawia, sehemu nyingine yote ni kijivu kisafi kinang'aa.

#52 mwalimu_chuda
Hiyo ya kahawia ni ufa wa zamani, uchafu na mafuta yameingia kidogo kidogo. Kijivu kisafi ndicho kilichopasuka siku ile.

#53 fundi_bomba_ngamiani
Au ni gundi iliyomwagika siku ya kufunga, gundi nayo ikizeeka inakuwa kahawia. Ni ya upande wa ndani au wa nje?

#54 sahare_mechi
Ikinuka mafuta ni mafuta. Isugue na kitambaa cheupe.

#55 gereji_ya_pongwe
Iko kama katikati, siwezi kusema ndani wala nje. Kitambaa kimetoka na weusi kidogo lakini hata bati lile lina masizi. Laini mpya nimefunga ya chuma, ila hiki kipande kesho mchana nakipiga picha nakiweka hapa mkione wenyewe.